Alichokiona Hakimu Kwenye Benchi la Nyuma

Dada yangu ni hakimu, na kwa kuandika hana wa kumfundisha. Nimemwona akirudi nyumbani na faili nene kama tofali, akakaa kwenye meza ya chakula, akaandika hukumu tangu mwanzo hadi mwisho bila kufuta neno, huku anamwelekeza mwanawe hesabu na kunijibu mimi kwamba gesi imeisha. Mawakili wamempa jina la Mama Nukta. Wakili akianza kuzungusha maneno, dada huweka kalamu chini na kusema, "Nukta. Tuendelee."

Lakini kila mwaka kulikuwa na msimu mmoja ambao kalamu yake ilikauka. Ni msimu wa tathmini. Kila hakimu pale kwao hutakiwa kujiandikia mwenyewe, amefanya nini vizuri na wapi amepungukiwa, kisha amwandikie na mwenzake mmoja. Kazi yenyewe kurasa mbili tatu tu. Hapo ndipo dada yangu alipokuwa anakumbuka kwamba friji imejaa barafu.

Mimi ni msusi, na nimeishi nyumbani kwake tangu nilipofungua saluni yangu. Siku hizo nikirudi kazini nilimkuta amesimama juu ya kiti anapangusa taa.

"Umeshaandika?" namuuliza.

"Naandika."

"Kwa kitambaa?"

Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hana papara na jambo lolote, alikuwa ananikonyeza. "Mwache dada yako. Mapazia haya hayajaoshwa tangu tathmini ya mwaka jana."

Msidhani ni uvivu. Alipoanza kazi, dada alikuwa anaziandika zile tathmini kwa moyo wake wote. Mwaka wa kwanza alijaza kurasa nyingi kuliko alizopewa. Alieleza kwamba kesi za watoto zinamtoa jasho, kwamba anaogopa kumuumiza mtoto kwa swali lake mwenyewe, akaomba apelekwe mafunzo. Akasubiri jibu. Kimya. Siku moja akaingia chumba cha makarani kunywa chai, akafunua bakuli la sukari, akaona karatasi iliyofunikia ile sukari isiingiwe na sisimizi ina mwandiko wake. Alinisimulia huku anacheka, lakini nilimwona machoni kwamba kuna kitu kimekatika. Tangu hapo akawa anaandika yale yale. Kwake mwenyewe: "Nitaendelea kuboresha utendaji." Kwa mwenzake, awe nani: "Ni mchapakazi na anashirikiana vizuri na wenzake." Sentensi ile ilivaliwa na mahakimu wote wa pale, wembamba kwa wanene, na hakuna aliyelalamika kwamba inambana.

Mwaka ninaousimulia ulikuja mkuu mpya wa mahakama, mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia mbaya ya kusoma kila anacholetewa. Alimwita dada ofisini kwake, akamsukumia karatasi zake mezani.

"Mheshimiwa, hizi ni za mwaka jana."

"Hapana, Mkuu, nimezileta juzi."

"Umezileta juzi, ila ni za mwaka jana. Hata tarehe hukubadilisha."

Dada anasema aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mtu anayewaonya mawakili kwa koma iliyokaa vibaya, leo kakamatwa na karatasi ya kunakili kama mwanafunzi. Mkuu hakumkaripia, na hilo ndilo lililozidi kumuuma. Alimwambia tu, "Nenda ukakae kwenye mahakama ya mwenzako asubuhi moja. Si mbele, kaa nyuma na wananchi. Na yeye nitamwambia aje kwako. Kisha uniandikie ulichokiona. Usiniandikie unachodhani napenda kusikia."

Mwenzake aliyepangiwa alikuwa mtu ambaye dada asingetaka kumgusa hata kwa ua. Ni mzee wa pale, amebakiza miaka michache astaafu, na mawakili walimwita Bwana Kesho kwa jinsi anavyopenda kuahirisha kesi. Dada alipofika kituo kile akiwa mgeni, hajui mlango wala dirisha, ni yeye aliyemshika mkono. Alimwonyesha faili zinakojificha, karani gani asiulizwe kitu kabla ya chai, na akampa usia mmoja ambao dada anaufuata mpaka leo: usiingie kutoa adhabu ukiwa na njaa, maana tumbo tupu huongeza miaka ya kifungo. Alimwita dada "mdogo wangu," naye dada alimwita "kaka mkubwa," na hawakuwa na undugu wowote zaidi ya huo wa kazi.

Basi dada akaenda, akakaa benchi la nyuma. Kwanza aligundua kwamba benchi lile ni gumu na halina mgongo, na kwamba feni ya dari inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Miaka yote ameziona mahakama kutoka juu, kwenye kiti chenye mto.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya majirani wawili. Maji ya paa la mmoja yalikuwa yanamwagikia ukuta wa mwenzake, na ukuta umeanza kumeguka. Shahidi alikuwa mama mshonaji, mpangaji wa chumba chenye ukuta ule, mtu mzima, mwenye sauti nyembamba kama uzi wake. Alianza kueleza vizuri: ufa ulianzia wapi, mvua ipi ilizidisha, nani aliambiwa na akajibu nini.

"Rudia hapo, mama," akasema Bwana Kesho.

Mama akarudia.

"Sema tena."

Akarudia tena. Bwana Kesho alikuwa amejikunja mbele, macho yamemganda mama yule mdomoni. Mama akaona aibu, akainamisha kichwa, sauti ikazidi kuzama. Na hapo dada alimwona yule mzee akirudi nyuma kwenye kiti, akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Shahidi anaonekana amechoka," akasema. "Tutaendelea wiki ijayo."

Mama mshonaji alipopita karibu na benchi la nyuma, dada alimsikia akijisemea, "Nimechoka saa ngapi mimi? Ndiyo kwanza nimeanza."

Kesi iliyofuata ililetwa na wakili mmoja mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Mashahidi wake nao walikuwa wapiga kelele kama yeye. Kesi ikaenda kama maji. Bwana Kesho aliuliza maswali makali, akawanasa walipojikanyaga, akatoa uamuzi palepale, uamuzi safi ambao dada anasema angejivunia kuuandika yeye. Ikaja ya tatu: kijana aliyekuwa anaongea ameficha mdomo kwa kiganja. Ikaahirishwa.

Dada akabaki ameganda pale kwenye benchi. Kumbe mzee hana uzembe. Mzee hasikii. Wenye sauti kubwa walikuwa wanapata haki yao leo, na wenye sauti ndogo wanaambiwa warudi.

Aliporudi nyumbani jioni ile hakupangusa taa wala hakuosha pazia. Aliketi jikoni mikono mitupu. Hapo nikajua kuna jambo. Nikamwekea chai, nikasubiri, maana kazi yangu imenifundisha kwamba mtu akisukwa kimya kimya mwishowe husema mwenyewe. Akanieleza yote.

"Nikiandika, nimemmaliza," akasema. "Miaka michache tu imebaki astaafu kwa heshima. Watasema hakimu kiziwi. Watarudi nyuma wachimbe kesi zake zote."

"Na usipoandika?"

"Nisipoandika, nimemmaliza yule mama."

Mimi, kwa akili zangu za saluni, nikasema, "Lakini kwa nini aanze kuyasoma kwenye karatasi? Si umwambie kwa mdomo kwanza?"

Dada akaniangalia. "Mdogo wangu, hasikii!"

Tukacheka mpaka shemeji akaja kuchungulia. Halafu katikati ya kicheko dada akaanza kulia, akalia kama mtu anayezika, na shemeji akavuta kiti akakaa karibu yake bila kuuliza lolote.

Kesho yake baada ya mahakama kufungwa alikwenda ofisini kwa Bwana Kesho. Anasema laiti njiani angekutana na mtu yeyote wa kumpa udhuru wa kugeuza, angegeuza. Hakukutana na mtu. Akaingia, akafunga mlango, akazima feni, akahamisha kiti akakaa uso kwa uso na yule mzee.

"Mbona unazima feni? Kuna joto," akasema Bwana Kesho.

"Ili unisikie, kaka mkubwa."

Mzee akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Jana nilikaa kwako," dada akaendelea, polepole, anatamka kila neno. "Yule mama mshonaji hakuwa amechoka. Hukumsikia. Na yule kijana pia."

"Umetumwa na Mkuu uje kunichunguza?"

"Nimetumwa nikae nyuma niandike. Lakini sikutaka uyasome kwa mwingine kabla hujayaona usoni kwangu."

"Watu siku hizi wanamumunya maneno. Hawafunzwi kusema."

"Kaka mkubwa."

"Na feni ya mle mahakamani…"

"Kaka mkubwa, feni kama hiyo iko juu yangu pia."

Dada anasema alijiandaa kufokewa. Angalau angefokewa angejua pa kushika. Lakini yule mzee alishusha mikono mezani, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameubeba mpaka akausahau.

"Ni muda mrefu," akasema. "Nasoma midomo. Mtu akigeuka pembeni, nimempoteza. Mke wangu ndiye anayejua peke yake, naye ameapa hatasema. Kila mwaka uliponiandikia mimi tathmini, nilikuwa naifungua kwa hofu. Nasema leo Mama Nukta ameona. Nikifungua: mchapakazi na anashirikiana vizuri." Akacheka kidogo. "Nilikuwa nashukuru Mungu. Na papo hapo nilikuwa najisikia niko peke yangu duniani."

Dada alikuwa amedhani sentensi ile haimdhuru mtu.

"Basi na mimi nikwambie," mzee akasema. "Kwako nilikaa juzi, siku moja kabla hujaja kwangu. Maneno mengi hayakunifikia, sitakudanganya. Lakini asiyesikia huona. Shahidi anaanza kusema, wewe unainua kalamu, unammalizia sentensi. Nilikuwa natazama mabega yao. Ukishawamalizia, mabega yanashuka. Kuanzia hapo wanakujibu ndiyo na hapana tu. Niliona mabega mengi yakishuka asubuhi ile, mdogo wangu."

Dada akataka kujitetea. Akafungua mdomo kueleza wingi wa kesi, na foleni, na mawakili wanaopoteza muda. Kisha akaona kwamba yule mzee bado hajamaliza, na kwamba hiki ndicho hasa anachoambiwa. Akafunga mdomo. Ananiambia ilikuwa kazi kama kuzuia chafya.

"Endelea," akasema.

Mzee akaendelea. Na alipomaliza, dada alihisi kitu ambacho hakukitarajia. Alipata nafuu. Kwa miaka mingi alikuwa anajua kwamba kuna kitu hakiendi sawa katika mahakama yake, kwamba kesi zake kadhaa zilirudishwa na mahakama ya juu kwa kuwa shahidi fulani alikuwa na la zaidi ambalo halikuandikwa, na alikuwa analaumu kila mtu, hadi makarani. Sasa alikuwa amepewa jina la ugonjwa. Ugonjwa ukishapata jina, mtu huacha kuogopa kivuli akaanza kutafuta dawa.

Wakaandika pale pale, mezani kwa mzee, kila mtu upande wake, feni imezimwa na jasho linawatiririka. Dada aliandika alichokiona: nani alisema, nani hakusikika, kesi ipi ilikwenda na ipi ilikwama. Hakuweka sifa wala lawama. Akaongeza na ule uamuzi safi wa kesi ya tarumbeta, kwa sababu nao aliuona. Akamalizia kwa mambo matatu anayoyaomba: mwenzake apimwe masikio, mashahidi wawekewe vipaza sauti, na feni zile zitengenezwe. Kisha akageuza karatasi yake mwenyewe, ile ya kujitathmini, ambayo kwa miaka ilimfanya aoshe nyumba nzima. Safari hii alianza kama anavyoanza hukumu, kwa ushahidi. "Nimeketi kusikiliza kesi, na mara nyingi sikusikiliza," aliandika, na sentensi nyingine zikafuata zenyewe.

"Nisomee ulichoniandikia," mzee alimwambia. "Kwa sauti."

Akamsomea. Mzee alimsimamisha mara moja tu, ili kumrekebishia herufi.

Siku chache zilizofuata zilikuwa ngumu. Mkuu alipokea karatasi, akasema asante, akanyamaza. Dada alianza kutembea nyumbani usiku na mchana kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alinijia saluni katikati ya kazi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza kama ninadhani ametenda haki. Nikamwambia akae nimsuke, maana nywele zenyewe zilikuwa zinatia huruma.

Ndipo Mkuu akawaita wote wawili. Dada anasema waliingia kama watoto waliovunja dirisha la jirani. Mkuu alikuwa na karatasi zao mbele yake, kingo zimekunjwa kwa kusomwa.

"Mheshimiwa," akamwambia Bwana Kesho, kwa sauti ya kumfikia, "kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kuondolewa, Mkuu."

"Kuna wasiosikia kwa sababu hawataki. Hao ndio ningewaondoa." Akasukuma barua ya hospitali upande wake. "Wewe utakwenda kupimwa. Kesi zenye mashahidi utazipumzisha mpaka majibu yatoke. Zile ulizoahirisha tutaziangalia pamoja, na yule mama mshonaji atakuwa wa kwanza."

Majibu yalikuja na kichekesho chake. Sikio moja lilikuwa limechakaa kweli, kwa umri. La pili lilikuwa limezibwa tu, limejaa nta ngumu ya miaka na miaka, na daktari alilisafisha kabla mzee hajamaliza kueleza historia ya kazi yake. Kwa lile lililochakaa akapewa kifaa kidogo cha kusikia, kinakaa nyuma ya sikio, hukioni usipoambiwa. Siku ya kwanza kukivaa alimjia dada mlangoni amekunja uso.

"Mdogo wangu, hivi mawakili wananong'ona hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Na yule karani wangu, kumbe anaimba?"

"Anaimba tangu nije hapa, kaka mkubwa."

"Anaimba vibaya," akasema mzee, na akaondoka amefurahi kupita kiasi.

Vipaza sauti vilifungwa, si mahakama zote kwa mara moja, lakini vilifungwa. Mama mshonaji alisikilizwa. Baadaye hukumu ya ukuta wake ilitoka, na nasikia jirani aliweka mfereji kwenye paa lake.

Dada naye amebadilika, ingawa si kama malaika. Bado mawakili anawakata. Ila shahidi akisimama, anaweka kalamu mezani, kiganja juu yake, na hainui mpaka mtu amalize. Ameniambia siri ya kuandika ambayo mimi naona inafaa hata kwa asiye hakimu: usingoje msimu. Siku ukiona kitu, kizuri au kibaya, cha mwenzako au chako, kiandike siku hiyo hiyo kingali na joto. Tathmini ikifika huwa huna la kutunga, unakusanya tu. Na usiandike jambo ambalo hujamwambia mhusika akiwa mbele yako. Anasema likishapita mdomoni halina tena uzito kwenye karatasi.

Juzi alirudi nyumbani mapema, jua bado liko juu, akavua viatu mlangoni na kujitupa kwenye kochi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Mkuu amewaita tena, yeye na yule mzee. Walipofika hakuwaonyesha karatasi yoyote. Alisimama, akajikohoza, na mara hii alikuwa yeye anayeonekana kama mwenye kesi.

"Wiki ijayo nina kesi ndefu," aliwaambia. "Naomba mje mkae nyuma. Hakuna aliyewahi kuniandikia mimi kitu cha kweli."

"Mkamjibuje?" nikauliza.

"Kaka mkubwa alimwambia aanze kwa kula, asije akaingia na njaa," dada akasema, akafumba macho huku anatabasamu, na kabla sijamletea maji alikuwa ameshasinzia.